Tuujue Ukoo wa Mpapindi Kabla ya Kuupanda

Ifuatayo ni hotuba niliyoitoa mjini Wete mbele ya masheha, wajumbe wa kamati za uhifadhi wa misitu, walimu wa sayansi na wanafunzi wa skuli za Kaskazini Pemba. Naiweka hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Waheshimiwa masheha, wajumbe wa kamati za uhifadhi mliotoka katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Ngezi, walimu wenzangu, wazee wetu, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma ambao kwa hakika ndio niliowakusudia zaidi: nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa kuja.

Naomba nianze kwa kuuliza. Ni nani humu ndani ambaye hajawahi kuuona mpapindi? Naona mikono michache. Basi kwa faida yao niseme kwamba mpapindi ni mti wa jamii ya mnazi, wenye shina jembamba, laini na lenye pete, unaokaribiana na mpopoo kwa umbo kiasi cha mgeni kuweza kuichanganya miti hiyo miwili, na matunda yake yakiiva huwa mekundu. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, Harold Moore, aliupa jina la kisayansi mwaka 1962 akauita Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa katika jenasi, yaani kundi la mimea yenye nasaba moja, iitwayo Dypsis, na mwaka 2022 ukarejeshwa katika jina lake la mwanzo. Majina yamekwenda na kurudi, lakini makazi yake hayakubadilika. Kwa asili mti huu unaota Pemba, na hauoti pengine popote duniani. Jamaa zake, ambao ni makumi ya aina, karibu wote wako Bukini, yaani Madagaska, na wachache wako Komoro.

Umefikaje hapa? Unguja na bara zimetenganishwa na bahari ya kina kifupi, hata katika zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba sivyo. Mkondo ulio baina yetu na bara una kina cha mamia ya mita. Kwa hiyo ipo siku, zama ambazo hakuna aliyeziandika, mbegu ya babu wa mpapindi iliivuka bahari, ama kwa tumbo la ndege au popo, ama kwa kuelea, ikaota katika udongo wa kisiwa hiki, na kutoka hapo ukapatikana mti ambao ni wetu peke yetu. Mti wa namna hiyo ukitoweka Ngezi, hakuna nchi ya jirani tutakayokwenda kuuomba.

Leo mti huu umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini, na msitu unaoutegemea ni mdogo. Ngezi, ambayo ndiyo makazi yake makuu, ni msitu wa hekta zipatazo 1,400 uliozungukwa na mashamba, vijiji na bahari. Ndiyo maana wengi wenu mmekuja na rai njema kabisa: tuokote mbegu, tuoteshe miche, tuipande. Naiunga mkono rai hiyo kwa moyo wote. Lakini nina neno moja la kuongeza, na nitalirudia mara nyingi kwa sababu ndilo lililonileta hapa: tuujue ukoo kabla ya kupanda.

Tunapozungumzia mti ulio hatarini, swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni hili: imebaki mingapi? Ni swali la haki, lakini halitoshi. Mpapindi unaweza kuwa na mashina kadhaa yanayochipua kutoka mzizi mmoja. Mtu akipita msituni akahesabu mashina manne, je, amehesabu miti minne au mti mmoja? Na ile miche midogo iliyosambaa chini ya mti mkubwa, mama yao twaweza kumkisia, lakini baba zao ni wangapi? Je, chavua iliyowazaa ilitoka mbali, au ilitoka katika mti wa pili yake ambao ni ndugu wa mama? Jicho haliwezi kujibu maswali haya, hata liwe jicho la mzee aliyezaliwa ndani ya Ngezi.

Na kwa nini majibu yake yatushughulishe? Kwa sababu kila kiumbe hubeba ndani ya vinasaba vyake, yaani maelekezo ya urithi anayoyapokea kwa wazazi wake, kasoro ndogondogo zilizofichika, ambazo hazidhuru maadamu nakala ya upande wa pili, iliyotoka kwa mzazi mwingine, ni nzima. Ndugu wakizaana kizazi baada ya kizazi, nakala mbili zenye kasoro ileile hukutana, na hapo ndipo mbegu zinapokuwa hafifu, miche ikafa michanga na matunda yakapungua. Zaidi ya hayo, msitu wenye miti ya koo nyingi una nafasi nzuri zaidi ya kuwa na miti inayostahimili ukame wa mwaka huu na mingine inayostahimili ugonjwa wa mwaka ujao.

Wataalamu wa urithi wana kanuni moja ambayo naomba walimu wa hesabu waichukue skuli. Kila kizazi kipya hupoteza sehemu ya tofauti zake za urithi, na sehemu hiyo ni moja juu ya mara mbili ya idadi ya wazazi walioshiriki kukizaa. Wazazi wakiwa 50, hasara ni asilimia 1 kwa kizazi. Wazazi wakiwa 5, hasara ni asilimia 10. Zingatieni: wazazi walioshiriki, wala sio miti iliyosimama. Tukiwa na kitalu chenye miche 2,000 iliyotokana na miti 5, kanuni haiangalii zile 2,000, inaangalia 5. Na kilichopotea hakirudi kwa kumwagilia maji wala kwa kutia mbolea, kwa sababu tofauti mpya huzaliwa kwa mabadiliko ya nadra ambayo yanahitaji vizazi vingi mno, na kizazi cha mti ni miaka mingi.

Sisi watu wa visiwa hivi tunao mfano wa jambo hili mashambani mwetu. Mkarafuu, ambao umetulea na kutusomesha, kwao ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Waholanzi waliulinda kwa wivu mkubwa, mpaka mwaka 1770 ambapo Wafaransa, kwa mpango wa Pierre Poivre, walipofanikiwa kuitorosha miche na mbegu na kuzifikisha Mauritius. Iliyosalimika ilikuwa michache. Kutokana na hiyo michache ikapandwa Mauritius na Réunion, na kutokana na ya huko, mwanzoni mwa karne ya 19, ikafika Unguja. Jina linalotajwa sana katika habari hiyo ni la Mwarabu aitwaye Saleh bin Haramil. Kisha Sayyid Said akaamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na visiwa vyote viwili vikajaa mikarafuu. Mnauona mwendo wake? Wachache wakazaa wachache, na wale wachache wakazaa mamilioni. Kwa idadi tulikuwa matajiri. Kwa ukoo, mashamba yetu yote yalitokana na kundi dogo la mababu.

Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika na tangu hapo ikawa ndiyo ghala la karafuu. Lakini katika karne ya 20 ulizuka ule ugonjwa ambao wazee hapa wanaukumbuka, ambapo mkarafuu mzima wenye afya hukauka wote kwa muda mfupi, nao ukaitwa kifo cha ghafla. Sisemi kwamba ufinyu wa ukoo ndio uliouleta ugonjwa ule, na asiondoke mtu hapa akaninukuu hivyo. Ninachosema ni kwamba shamba la ndugu watupu, likipatwa, lina nafasi ndogo ya kuwa na miti miwili mitatu iliyozaliwa na kinga tofauti ambayo mkulima angeitumia kuanza upya. Mkarafuu angalau una kwao, na mtafiti anaweza kurudi Maluku kutafuta mbegu za koo nyingine. Mpapindi kwao ni hapa. Tukiufinya ukoo wake sisi, hakuna Maluku ya kukimbilia.

Sasa niwapeleke Ushelisheli, visiwa vilivyo katika bahari yetu hiihii, kwa sababu huko wenzetu wamelifanya kwa vitendo jambo ninalolizungumza kwa maneno.

Katika kisiwa cha Mahé kuna mti mdogo uitwao Medusagyne oppositifolia. Watu waliamini kwamba umekwisha kabisa duniani, mpaka ulipoonekana tena katika miaka ya 1970 ukiwa umeshikilia majabali ya milimani. Watafiti walipoufuatilia wakakuta miti 90 tu, imegawanyika katika makundi manne. Kundi moja lilikuwa na miti 78, na yale matatu yakagawana iliyobaki. Jambo lililowashangaza ni kwamba miche ilikuwa inaota na kukua katika lile kundi kubwa tu. Katika makundi madogo matatu miti mikubwa ilikuwepo, maua yalikuwepo, lakini watoto hakuna. Msitu wa wazee bila ya watoto, ndugu zangu, ni msitu unaokwisha huku umesimama.

Je, sababu ilikuwa nini? Udongo? Ukame? Panya wanaokula mbegu? Mtu angeweza kubahatisha kwa miaka. Wao wakatengeneza alama za vinasaba, kumi tu, wakaipima miti yote. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2011 yalionesha kwamba miti ya makundi madogo ilikuwa na udugu wa karibu zaidi kuliko ile ya kundi kubwa, na kwamba chavua na mbegu kwa kawaida hazikusafiri zaidi ya mita 100. Mita 100! Ni umbali wa kiwanja cha mpira. Kwa hiyo kila kundi lilikuwa limefungiwa peke yake, likizaana lenyewe kwa lenyewe. Hawakuishia hapo. Walichukua chavua kutoka kundi kubwa wakaipeleka kwa mkono kwenye maua ya kundi dogo, na uzazi ukawa bora kuliko pale miti ya kundi hilo dogo ilipochavushwa na jirani zake. Bila ya zile alama kumi, nani angejua kwamba dawa ya mti ule ni chavua kutoka bonde la pili?

Kisiwani humohumo wapo miti mingine, Vateriopsis seychellarum, ambayo ilikatwa sana kwa mbao tangu zama za walowezi, na ambayo imebaki mia moja na kitu. Funzo lake ni tofauti, na mimi naliona ni zito zaidi kwetu. Watafiti waliipima miti mikubwa wakakuta bado imehifadhi tofauti nyingi za urithi. Mtu angeweza kufurahi akaenda zake. Lakini walipoipima miche, wakakuta kizazi kipya kimepungukiwa na udugu umezidi. Miti mikubwa ilizaliwa zama msitu ulipokuwa mpana, na ilikuwa imebeba kumbukumbu ya msitu ule. Watoto wamezaliwa katika msitu uliokatwakatwa, na wao ndio walioandika ndani ya vinasaba vyao hali ilivyo leo. Kwa hiyo nasi tukiupima mpapindi, tusipime vigogo pekee. Tupime na miche. Kama tutaikuta miti mikubwa ina siha ya ukoo na miche imefinyika, tutakuwa tumepata taarifa mapema, wakati miti yenye utajiri ule bado iko hai na inatoa mbegu.

Baada ya mifano hiyo, nadhani ni haki yenu kuniuliza: hizo alama za vinasaba hasa ni kitu gani, na zinatengenezwaje? Nitajaribu kueleza polepole, kwa sababu naamini hakuna sababu ya elimu hii kubaki kwa watu wa maabara.

Ndani ya kila seli ya jani mna vinasaba, ambavyo ni mfululizo mrefu sana wa herufi nne za kikemia: A, C, G na T. Sehemu kubwa ya mfululizo huo inafanana kwa miti yote ya aina moja. Lakini hapa na pale kuna vipande vifupi ambamo herufi mbili au tatu hujirudia, GA GA GA GA, kwa mfano. Wataalamu huviita maikrosatelaiti. Vipande hivi hubadilika urefu kwa urahisi kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ni kama kamba za shanga za rangi moja ambazo kila familia imetunga kwa idadi yake: huyu ana shanga kumi na mbili, yule kumi na tano. Kila mti una nakala mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Kwa hiyo mti ukiwa na 12 na 15, na mche ulio chini yake una 12 na 19, ile 12 yaweza kuwa imetoka kwa mti huo, na ile 19 inatuambia tumtafute mzazi mwingine mwenye 19.

Sehemu moja haitoshi, kwa kuwa miti mingi inaweza kugongana kwa bahati. Lakini tukitumia kumi kwa pamoja, na kila moja ikawa na urefu wa aina tano zinazopatikana kwa usawa, uwezekano wa miti miwili isiyo na udugu kufanana katika zote kumi ni chini ya moja kwa bilioni. Hapo ndipo tunapoweza kusema kwa uhakika kwamba mashina haya manne ni mti mmoja, au kwamba yale mawili ni miti tofauti.

Kazi ya kuzitengeneza huanza na jani bichi. Jani hukatwa kipande, hutiwa katika kifuko chenye silika jeli, yale mawe madogo mnayoyakuta ndani ya maboksi ya viatu vipya, ili likauke haraka kabla ya vinasaba kuharibika. Maabara huvitoa vinasaba kutoka katika jani, huzisoma herufi zake kwa mashine, kisha programu ya kompyuta hupekua mamilioni ya herufi kutafuta vile vipande vinavyojirudia. Kila kipande kinachopatikana hutungiwa vianzishi viwili, yaani vinasaba vifupi vya kutengeneza vinavyojishika mwanzoni na mwishoni mwa kipande hicho, ili mashine inakili hicho tu na kuacha mengine yote. Vingi hushindwa. Vingine havinakiliki, vingine vina urefu mmoja kwa miti yote na kwa hiyo havitofautishi chochote. Mtafiti huanza na makumi akabakiwa na kumi au ishirini vinavyofaa, na kazi hiyo ya kuchuja ndiyo inayokula muda na subira. Lakini ikishafanywa mara moja kwa aina moja ya mti, imefanywa kwa ajili ya kila atakayekuja baadaye.

Kuna mtu atasema: hayo ni ya ulaya, hayatuhusu. Nami namuuliza, je, mwaka 2020 na 2021 hamkupimwa puani kabla ya kusafiri? Kipimo kile cha PCR cha korona ndicho hikihiki, kwa maana kwamba mbinu ya kunakili kipande kidogo cha vinasaba mpaka kikaonekana ni moja. Aliyeibuni mwaka 1983 ni Kary Mullis wa Marekani. Na kilichoiwezesha mashine kufanya kazi katika joto kali ni kimeng'enya kutoka katika bakteria waliogunduliwa katika chemchemi za maji moto za Yellowstone miaka ya 1960, na mtafiti aliyekuwa anataka tu kujua ni viumbe gani wanaoweza kuishi humo. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba kiumbe kisichoonekana kwa macho, katika maji ya moto ya hifadhi ya taifa, kingekuja kupima maradhi ya dunia nzima. Nawatajia hili wale wanaouliza kwa nini tuhangaike na mti ambao haununuliwi sokoni.

Tukishakuwa na alama za mpapindi, tutauliza nini Ngezi? Nitataja machache.

Kwanza kabisa tutajua ni mipapindi mingapi tofauti tuliyonayo, tukiacha hesabu ya mashina. Tutajua pia kama miti ya pande mbalimbali za msitu inabadilishana chavua, au kila upande umejifungia. Na ile mipapindi iliyopandwa majumbani na bustanini, Pemba, Unguja na hata nje ya nchi, tutaweza kujua ukoo wake. Huenda miongoni mwake imo iliyobeba tofauti ambazo msituni zimeshapotea, na huenda yote imetokana na mama mmoja. Majibu haya mawili yanatupeleka katika njia mbili tofauti kabisa, na hakuna namna ya kuchagua njia kwa kuutazama mti.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wenye vitalu, na nitasema bila ya kuficha. Barabara ya kutoka Konde kwenda Makangale inapita katikati ya Ngezi, na ni jambo la kibinadamu kwamba anayekwenda kuokota mbegu ataokota kwenye miti iliyo karibu na barabara na yenye matunda mengi. Ndivyo tunavyoweza, kwa nia njema kabisa, kuujaza msitu watoto wa mama wawili watatu. Hata kabla alama hazijapatikana, lipo la kufanya, nalo halina gharama: okoteni mbegu chache kutoka kwa mama wengi walio mbalimbali, badala ya mbegu nyingi kutoka kwa mama mmoja. Mbegu za kila mama ziwekwe mbali na ziandikwe. Mche usio na kumbukumbu ya mama yake ni mche ambao hatutajua pa kuupanda. Tuujue ukoo kabla ya kupanda.

Wala msidhani kwamba kazi ya uhifadhi ni ngeni kwa watu wa Pemba. Popo wetu mkubwa, ambaye naye hapatikani popote isipokuwa kisiwa hiki, alikuwa akiwindwa mpaka ikafika mwaka 1996 akaorodheshwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ni vijiji, Kidike ikiwa mfano unaojulikana, vilivyoamua kumlinda katika miti anayolala, na ilipofika mwaka 2008 hadhi yake ilikuwa imebadilishwa kuwa ya hatari ndogo kuliko ile ya mwanzo. Hawakufanya hivyo wageni, waliofanya ni nyinyi. Na popo anayekula matunda hueneza mbegu kutoka msitu hadi msitu, kwa hiyo waliomlinda walikuwa wanalinda na miti bila ya kutangaza.

Lipo suala la umiliki, na najua liko midomoni mwenu ingawa hamjaliuliza. Je, majani yakichukuliwa Ngezi yakapelekwa maabara ya mbali, elimu yake itarudi? Ni swali sahihi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliwekwa kwa ajili hiyohiyo, ili nchi na jamii zenye mimea na wanyama ziombwe ruhusa kabla na zishirikishwe katika manufaa. Msimamo wangu ni kwamba lisikatwe jani hata moja bila ya kibali cha mamlaka ya misitu na bila ya kamati ya kijiji kujua, kwamba sehemu ya kila sampuli ibaki Zanzibar, na kwamba matokeo yaelezwe kwa Kiswahili katika vijiji vilivyotoa majani kabla ya kuchapishwa penginepo. Na ningependa sana wanaokaa mbele ya mashine hizo wawe vijana wa hapa. Kusoma urefu wa vipande vya vinasaba si kazi kubwa kumshinda mtu aliyesoma baiolojia vizuri.

Kwa hiyo naomba niwageukie wanafunzi. Katika kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius, kulikuwa na mti uitwao Ramosmania rodriguesi, jamaa wa mbuni wa kahawa, ambao vitabu vyote vilisema umekwisha. Mwaka 1980 mwalimu mmoja aliwatuma wanafunzi wake watafute mimea ya asili ya kisiwa chao, na mwanafunzi mmoja akarudi na tawi la mti ambao haukutakiwa kuwepo. Ulikuwa umebaki mmoja tu. Vipandikizi vilipelekwa bustani ya Kew, Uingereza, vikaota, vikatoa maua mwaka baada ya mwaka, na havikuzaa, mpaka mwaka 2003 ndipo mbegu zilipopatikana kwa taabu kubwa. Mti ule upo leo, lakini ukoo wote unatokana na kile kichaka kimoja, na hakuna alama ya vinasaba itakayorejesha koo zilizokufa kabla ya mwanafunzi yule kupita njia ile. Sisi bado tuna msitu. Tuna mama wengi, tuna baba wengi, hatujachelewa kama walivyochelewa wao.

Kazi itaanza na majani. Kibali kikishapatikana, nitarudi kuwafundisha walimu na wajumbe wa kamati namna ya kuchukua sampuli: kipande cha jani kisichozidi upana wa kiganja, kutoka mti mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo, na pale penye mashina yaliyoshikana, jani kutoka kila shina, ili tujue. Kila kifuko kitaandikwa vitu vinne: namba ya mti, mahali ulipo, tarehe, na jina la aliyechukua. Masheha naomba mtusaidie kuwapata watu wanaoijua Ngezi mbali na barabara, hasa wale wazee ambao wanajua mpapindi uliko hata pale ambapo hakuna njia. Na katika ile nafasi ya jina la aliyechukua, pasiachwe wazi hata kama aliyelishika jani ni mwanafunzi wa darasa la tano, kwa sababu jina lake litakwenda pamoja na sampuli mpaka maabara, na litabaki katika kumbukumbu za mti huo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.